Deraya ya karatasi: pima kwanza mahali patakapobana

Deraya ya karatasi ni vazi la kivita la kujipamba: modeli ya kompyuta inachapwa kwenye karatasi ngumu, inakatwa, inakunjwa na kuungwa kwa gundi. Kofia yake ikishakauka gundi halafu ikagoma kupita masikioni, hakuna dawa. Karatasi haivutiki kama kitambaa. Na mara nyingi kosa halikuwa kwenye mkasi, lilikuwa kwenye namba iliyoandikwa kabla ya kuchapa: mtu amechukua urefu wake, akaugawanya kwa urefu wa modeli, kisha jibu hilohilo akalitumia kwa kila kipande kuanzia kofia hadi viatu.

Hesabu hiyo haifai. Modeli nyingi zimetoka kwenye michezo ya kompyuta, na mashujaa wa humo wana mabega kama milango na viuno vya nyigu. Isitoshe, vichwa vya watu wazima havipishani sana. Vingi vina mzingo wa sm 54 hadi 60, mwenye kichwa awe mfupi au mrefu. Mtu wa sm 160 na wa sm 190 wanaweza kuazimana kofia, lakini kinga ya ugoko hawataweza. Kwa hiyo kila kipande kipewe skeli yake, yaani namba ya kukizidishia vipimo, na skeli hiyo itokane na sehemu moja tu: ile itakayobana kabla ya nyingine zote.

Kwenye kofia, sehemu hiyo kwa kawaida ni upana wa ndani usawa wa masikio. Ukifungua faili kwenye Pepakura Designer, programu inayokunjua modeli kuwa kurasa za kuchapa, dirisha la skeli linakuonyesha urefu, upana na kina cha kitu kizima, pamoja na pembe, manyoya na mapambo yote ya pembeni. Usipige hesabu kwa vipimo hivyo. Tumia zana ya kupima umbali kati ya nukta mbili, uchague nukta mbili zinazotazamana upande wa ndani, pale masikio yatakapokaa. Kumbuka pia kwamba modeli haina unene. Rezini (kimiminika kinachoganda na kuimarisha karatasi), faibaglasi na sponji utakavyoweka ndani vyote vitakula nafasi ya kichwa.

Tuseme kichwa kina upana wa mm 155 kutoka sikio hadi sikio. Sponji ni mm 15 kila upande, ukuta ulioimarishwa mm 3 kila upande. Jumla ni 155 + 30 + 6, yaani mm 191. Kwenye faili, umbali uleule unasoma mm 172. Gawanya 191 kwa 172 upate 1.11. Kama urefu wa kofia kwenye faili ni mm 300, andika mm 333, programu itarekebisha vilivyobaki. Kisha rudia kupima kutoka paji la uso hadi kisogoni. Kama huko panahitaji uwiano mkubwa zaidi, fuata huo mkubwa. Nafasi ikizidi, sponji huijaza. Ikipungua, hakuna cha kufanya.

Mwisho kabisa, pima tundu la shingoni. Kofia inaweza kutosha kichwa vizuri na bado isivalike kwa sababu tundu la chini ni jembamba kuliko kichwa chenyewe. Hapo suluhisho si kukuza kofia mpaka ifanane na ndoo. Ikate kwa wima nyuma ya masikio, nusu ya nyuma ishikwe kwa sumaku.

Mikono na miguu hupimwa kwa mzingo, na hapa wengi hunaswa. Mtu anaongeza sm 1 kwenye mzingo wa mkono akidhani ameacha nafasi ya sm 1. Alichoacha ni mm 1.6 tu, kwa sababu mzingo ni kipenyo mara 3.14 na nafasi hiyo inagawanywa pande zote. Ukitaka uwazi wa mm 10 kuzunguka mkono, ongeza mm 63. Halafu deraya ya karatasi si duara, ina pande bapa, na mwili hugusa katikati ya kila ubapa kabla ya kufika kwenye kona. Bomba la pande sita linahitaji mzingo mkubwa kwa takriban asilimia 10 kuliko duara linalotosha mkono uleule. La pande nane, asilimia 5 hivi. Modeli yenye pande chache ikikubana ilhali hesabu "ilikuwa sawa", anza kukagua hapo.

Kinga ya kigasha lazima ipitishe kiganja kwanza. Kunja kidole gumba ndani, zungusha futikamba kwenye vifundo vya vidole, na mzingo huo ndio wa kutumia, si ule wa kifundo cha mkono. Kama ni sm 24, ukaongeza mm 5 za ukuta na uwazi pande zote, unahitaji takriban sm 27. Mwanya wa faili ukiwa mm 231, uwiano ni 1.17. Sasa angalia urefu: kinga ya mm 240 itakuwa mm 281, na kama kigasha chako kina mm 260 kutoka kifundo hadi kwenye kunjo la kiwiko, hutaweza kukunja mkono. Acha angalau mm 30 chini ya kunjo hilo. Katika hali hiyo usikuze. Pasua kinga kwa urefu upande wa ndani wa mkono na uifunge kwa velkro. Sehemu ya kubana itahamia kwenye unene wa kigasha, na skeli itakuwa ndogo zaidi. Kinga ya ugoko inafuata mantiki hiyohiyo, ila kinachopaswa kupita ni mzingo unaozunguka kisigino na juu ya unyayo. Paja lipimwe umekaa, kwa sababu hutanuka.

Kifua ndicho kigumu kuliko vyote, maana upana wake haukui sambamba na urefu. Pima ukiwa umevuta pumzi, tena umevaa nguo itakayokuwa chini. Skeli iongozwe na urefu, kutoka begani hadi juu kidogo ya kiuno, kisha upungufu wa upana uuzibe kwa kuongeza ukanda wa karatasi chini ya kila kwapa. Kanda mbili za mm 40 zinaongeza mzingo kwa mm 80 na hakuna anayeziona. Njia nyingine ni kuivuta modeli upande mmoja tu kwenye Blender, programu ya kuchongea modeli, lakini ukipita asilimia 10 hivi, nembo za duara huwa mayai, na itabidi uikunjue upya yote.

Ukuzaji una gharama yake: eneo hukua kwa mraba. Skeli ya 1.11 inageuza kurasa 18 kuwa kama 22. Vipande vitavuka mipaka ya ukurasa, na kila kikubwa itabidi ukigawe. Gawa kwenye mstari wa mkunjo, kamwe si katikati ya uso bapa, maana kiungo cha hapo huonekana hata baada ya rangi. Vikunjo vya gundi, yaani kingo za karatasi zinazopakwa gundi, visipungue upana wa mm 6.

Kabla ya kuchapa vyote, chapa ukurasa mmoja wenye mstari wa mm 100 na uupime kwa rula. Printa iliyoachwa kwenye chaguo la kutosheleza ukurasa inaweza kupunguza hadi asilimia 96, na ile mm 191 ya kofia ikawa 183. Kisha kata ukanda wa upana wa mm 30 kutoka karatasi hiyohiyo ngumu, ya gramu 180 hadi 220, uukunje kwenye kona zilezile za modeli, uunge uwe pete, weka sponji ndani, uvae. Dakika kumi tu.

Pete ikikubali, bado kuna rezini. Karatasi ikilowa hulegea, na pande za kofia usawa wa masikio huingia ndani. Funga vijiti vya kushikilia upana ndani ya mwanya kabla ya kupaka, uvitoe ikishakauka. Fanyia mahali penye hewa ya kutosha, na barakoa ya kuzuia mvuke, si ya kitambaa.

Andika skeli nyuma ya kila kipande kwa penseli, na uhifadhi faili moja kwa kila kiungo. Kinga ya kushoto ikipasuka, utachapa upya kipande kimoja tu, na bila namba ile hakitaungana na jirani yake.