Maswali na Majibu: Mwalimu wa hesabu anataka kuwa fundi wa kompyuta wa shule

Swali

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu kutoka Tanga. Nilifundisha huko miaka 11, kisha nikaolewa Lamu, sasa ni mwaka wa nne. Huku sijasajiliwa kufundisha, na nikisema kweli chaki imenichosha. Nimekuwa nikiingia shule moja ya binafsi kuwasaidia mambo ya kompyuta, bila malipo, na kazi hiyo imenipendeza. Nataka iwe riziki yangu. Nisome nini, na nikiwa mgeni nitaajiriwa?

Pia nina swali la kiufundi. Maabara yetu ina kompyuta 18 na printa moja. Siku za maabara, darasa dogo la asubuhi huwasha kompyuta nane na intaneti inakwenda vizuri. Baada ya mapumziko ya saa nne linaingia darasa kubwa. Zile nane huendelea kama kawaida, lakini nyingine zinazowashwa wakati huo huandika kuwa zimeunganishwa ila hazina intaneti. Ameletwa fundi, amebadilisha ruta mara mbili. Hali ni ileile.

Jibu

Mwalimu, hapo uliposema zile nane huendelea na nyingine hukataa, umeshafanya nusu ya kazi. Aliyebadilisha ruta mara mbili hakuuliza ni zipi zinazokataa na zinaanza kukataa lini. Wewe uliona, kwa sababu umezoea kutazama darasa zima na kujua nani kapotelea wapi. Nitalirudia hilo nikifika kwenye ajira. Kwanza tumalize maabara.

Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, hukipa namba kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao. Fikiria kadi za namba pale zahanati: karani anazo kadi 50, kila anayefika huchukua moja. Kadi zikiisha, wa 51 atakaa kwenye benchi na ataonekana yumo ndani, lakini hataitwa. Sasa hesabu, wewe ndiye mwenye hesabu. Tuseme ruta yenu imepangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149. Hizo ni namba 50. Kompyuta nane na printa zimechukua tisa, zimebaki 41. Inapigwa kengele ya saa nne, walimu wanarudi ofisini, kila mmoja na simu yake na wengine mbili, na kama wanafunzi wa kidato cha juu wameijua nywila (huwa wanaijua), basi darasa kubwa likiingia kadi zimekwisha. Zile nane hazisumbuki kwa sababu kadi zao ziko mkononi tangu asubuhi. Na ruta mpya haisaidii kitu ikiwa imekuja na mpangilio uleule kutoka kiwandani.

Lakini usiniamini bado. Kuna ugonjwa mwingine wenye dalili hizihizi: mtu anapochomeka ruta ya pili kwenye mtandao wenu, nayo ikaanza kugawa namba zake. Makarani wawili, zahanati moja. Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili katika shule moja Malindi, nikibana vichwa vya kebo upya na kulaumu kampuni ya intaneti, kumbe karani wa ofisi alileta ruta ndogo kutoka nyumbani ili simu yake ishike vizuri, akaichomeka ukutani, na kila jioni akaondoka nayo. Nilikuwa napima jioni.

Kutenganisha magonjwa haya mawili ni kazi ya dakika moja. Kaa kwenye kompyuta inayokataa, fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika ipconfig /all. Tazama anwani ya IPv4, ndiyo ile namba ya kadi. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo shuku uhaba wa kadi. Lakini ikiwa ina namba ya kawaida ya ukoo tofauti na wa zile nane, kwa mfano 192.168.0 wakati wenzake wako 192.168.1, basi kuna karani wa pili. Anwani ya lango (Default Gateway) iliyoandikwa hapohapo ndiyo ya huyo mgeni. Anza kuchomoa kebo moja moja kwenye swichi, kile kisanduku zinapokutania kebo zote, mpaka anyamaze, kisha fuata kebo hiyo hadi mwisho wake. Usitangaze ofisini kwamba unamtafuta mkosaji, maana ruta itafichwa.

Kama ni uhaba, ingia kwenye ruta, panua mgao, namba ya mwisho ianze 20 hadi 250, na upunguze muda wa kukaa na namba. Baadhi ya ruta humwachia mtu kadi saa 24 hata akishaondoka. Saa mbili zinatosha shule. Ipe printa namba yake ya kudumu, la sivyo utaitwa kila wiki kuambiwa imepotea. Kisha badilisha nywila, na simu uzitengee mtandao wa wageni. Walimu watanung'unika. Waache.

Nikiongeza neno juu ya Lamu yenyewe: waifai haipendi nyumba za mawe. Ukuta mnene wa matumbawe na chokaa huimeza, hasa ile ya gigahezi 5. Shule ikiwa ndani ya nyumba ya zamani, usinunue ruta kubwa zaidi, vuta kebo hadi chumbani na uweke kifaa cha kurushia waifai humo. Kebo ya kawaida ya shaba isizidi mita 100. Na usitoboe ukuta kwa drili kabla ya kuuliza, maana Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na una masharti yake ya ujenzi. Chumvi ya bahari nayo inakula shaba. Ukiona meno ya kichwa cha kebo yamegeuka kijani, kata ubane kipya, usipoteze muda kupangusa.

Sasa riziki. Kisheria, kufundisha Kenya bila kusajiliwa na TSC, Tume ya Huduma za Walimu, hakuruhusiwi, lakini fundi wa kompyuta si mwalimu na hahitaji usajili huo. Tahadhari ni moja: mwalimu mkuu akishajua ulikuwa mwalimu, siku moja atakuomba ushike kipindi cha kompyuta. Kataa kwa adabu. Shule ya umma nayo, wafanyakazi wasio walimu huajiriwa na bodi ya shule, kwa hiyo barua yako uiandikie bodi.

Upande wa uhamiaji, usidhani kwamba kufanya bila malipo kunakuweka salama. Nenda Idara ya Uhamiaji ukaulize juu ya kibali kabla hujaendelea kuingia pale shuleni. Kibali cha ajira ni cha daraja D, na mwajiri ndiye anayekuombea, jambo ambalo shule ndogo huliogopa. Ikiwa mumeo ni raia wa Kenya, unayo njia nyingine: aliyeolewa na raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa, na Katiba inampa haki ya kuomba uraia ikitimia saba. Wewe uko wa nne. Ningeanza na cheti cha ndoa kabla ya cheti cha kompyuta.

Kusoma: masomo ya mwanzo ya Cisco Networking Academy yapo bure mtandaoni, na kwa kazi ya shule yanakufikisha mbali. Cheti cha ufundi wa kompyuta cha CompTIA A+ kina mitihani miwili na si rahisi kwa mfuko. Kifanye baadaye, na afadhali kwa pesa za kazi hiyohiyo. Jifunze pia kuweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine kuukuu, kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na wenyewe Oktoba 2025 na maabara nyingi zimejaa kompyuta zisizoweza kupokea ya 11. Na jifunze Kolibri, programu ya bure inayoweka masomo kwenye kompyuta moja na darasa zima likasoma bila intaneti. Usiku mmoja wa kuiweka unaweza kukupatia mkataba upesi kuliko cheti.

Majina na alama za watoto ziheshimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, hivyo usibebe orodha ya shule kwenye flashi yako.

Ajira ya shule moja pengine haitakutosha. Ninaowajua wanaoishi kwa kazi hii wana shule tatu au nne, siku moja moja kwa wiki, kwa malipo ya mwezi. Makaratasi yako yakishakaa sawa, unaweza kuwa na ya mjini, ya Shela, na ya Matondoni siku ya chombo. Utakapokwenda kuomba, usipeleke vyeti peke yake, peleka daftari: tarehe, tatizo, nilichoona, nilichofanya, matokeo. Mafundi wengi hawaandiki. Wewe umeandika maazimio ya kazi miaka 11, mkono umeshazoea.

Fungua daftari hilo siku ya maabara ijayo. Kabla ya saa nne, chukua namba ya kompyuta moja inayofanya kazi, uandike. Saa nne na nusu, chukua ya moja inayokataa, uandike chini yake. Nitumie mistari hiyo miwili.