Nyumba ya mawe haitaki ruta kubwa, inataka waya

Wiki hii nimeandikiwa na dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Mkomani, Lamu. Amenunua ruta ya tatu ya Wi-Fi, safari hii yenye antena sita, na bado mgeni aliye chumba cha ndani ghorofani hushuka hadi barazani ndipo simu yake ya video ikubali. Anauliza anunue ipi sasa. Dada yangu, usinunue nyingine. Toa kabatini moja ya zile mbili za zamani, kisha ununue waya. Na jibu hili ni la kila mwenye nyumba ya kale Lamu.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au karibu na hapo. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunyonya unyevu, na maji hula mawimbi ya Wi-Fi. Ndiyo maana mtandao uliokuwa ukivumilika wakati wa kaskazi huzidi kuzorota masika yakishalowesha kuta. Dari nazo si afueni: boriti za mikoko, juu yake mawe, juu yake chokaa. Mwenye nyumba ndogo ya kisasa pale Malindi anaweza kutundika ruta sebuleni na kazi ikaisha. Nyumba ya Mkomani haiendi hivyo.

Kwa nini antena sita hazikusaidia? Kwa sababu mazungumzo ni ya pande mbili. Ruta ikishapaza sauti, simu nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo, inahurumia betri. Ndipo unapoona vijiti vya Wi-Fi vimejaa kwenye kioo na ukurasa haufunguki: simu inasikia lakini haisikiki. Ripita, yaani kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea mawimbi na kuyarudia, haitibu ugonjwa huu. Zile za bei nafuu hupokea na kurudia kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu hapo hapo. Halafu watu huichomeka ndani ya chumba kisichoshika mtandao, ikabaki kurudia maneno ambayo yenyewe haikuyasikia vizuri. Inaniuma kuona mafundi wanaoujua ukweli huu wakiendelea kuwauzia wenye nyumba ripita ya pili na ya tatu.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Pakua programu ya bure kama WiFiman, itakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba iliyo chini ya sifuri. Karibu na -50 ni safi sana. Hadi -67 simu ya video inakwenda vizuri. Ikifika -80, hapo hakuna mtandao wa kutegemea. Kila inaposhuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi. Simama upande mmoja wa ukuta usome, kisha ingia upande wa pili, funga mlango, usome tena: tofauti ya namba hizo ndiyo kodi ya ukuta huo. Fanya hivyo kwa masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz pia, kwa kuwa 5 GHz ina kasi zaidi lakini hukwama mapema kwenye jiwe.

Sasa, mahali pa kuweka. Waliojenga nyumba hizi wamekuachia njia tayari, nayo ni kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kiko wazi juu, na misana, zile kumbi ndefu za mbele ya vyumba, inakitazama. Ruta ya pili, yaani ile ya zamani utakayoiunga na ruta kuu kwa waya, ikikaa msana wa juu, kimo cha mita mbili hivi, ikitazama kiwanda, mawimbi yatapita milangoni na madirishani badala ya kugonga ukuta. Ubao wa mlango huzuia kidogo sana ukilinganisha na jiwe. Usiiweke kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, hata kama soketi iko karibu na inapendeza kwa macho. Kidaka ni jiwe pande tano: juu, chini, kushoto, kulia na nyuma. Usiifiche nyuma ya friji wala kioo kikubwa pia.

Waya ndio moyo wa kazi hii. Kebo ya Ethernet ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba ya ghorofa mbili haifiki huko kamwe. Jihadhari na kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo muuzaji atakuapia kuwa ni shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini, irudishe. Alumini hukatika ikikunjwa mara chache, na hewa ya chumvi huila haraka pale inapogusana na meno ya kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Sehemu itakayopigwa na jua iwe kebo ya nje yenye ganda jeusi, kwa sababu lile la kawaida hupasuka likichomwa na jua.

Usitoboe ukuta. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kuta zake si za kujaribia keekee. Hata bila hilo, chokaa cha zamani humomonyoka vipande ukikipigilia msumari, na msumari wenyewe hupata kutu na kuacha michirizi ukutani. Teremsha waya kupitia kiwandani, uufunge kwenye boriti kwa kamba za plastiki, uingize kwa dirishani. Kabla haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo chini ya usawa wa mwingilio, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi kwenye ruta.

Kubana vichwa nako kuna adabu yake. Ukishika kichwa meno yakikutazama na kiklipu kikiwa nyuma, kuanzia kushoto panga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio uwe huohuo ncha zote mbili. Usifumue jozi za nyuzi zilizosokotwa zaidi ya sentimita 1.3, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa kabla ya kubana, la sivyo siku waya ukivutwa utachomoka. Waya ukikamata megabiti 100 tu badala ya 1,000, mara nyingi ni uzi mmoja ambao haujafika kwenye jino lake.

Kisha geuza ile ruta ya zamani. Iunganishe na laptopu peke yake, fungua kwenye kivinjari 192.168.1.1 au anwani iliyoandikwa chini yake. Badilisha anwani yake ya ndani iwe 192.168.1.2, ikiwa ruta kuu ndiyo yenye 192.168.1.1. Zima DHCP, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani, kwa kuwa ruta mbili zikigawa anwani katika nyumba moja, simu za wageni zitakuwa zinashika Wi-Fi bila kupata intaneti. Weka jina na nywila zilezile za ruta kuu, usalama WPA2 kwenda juu. Kwa 2.4 GHz, kuu ikiwa chaneli 1, hii iwe 6 au 11. Waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu uingie LAN ya hii. Tundu la WAN (la intaneti itokayo nje) la hii liache tupu. Simu ikiganda kwenye ruta ya chini hata mgeni akishapanda juu, punguza nguvu ya ile ya chini.

Umeme ukikatika, kila kifaa kinahitaji betri yake: ruta zote mbili na kile kisanduku cha kampuni ya intaneti. Soma kibandiko, nyingi ni 12V, ila ampea hutofautiana. Betri ndogo ya ruta iliyoandikwa 8,800 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa (Wh) 32 na kidogo. Kifaa cha wati 8 kitakwenda saa tatu na ushee, ukitoa kinachopotea njiani.

Chumvi haitakuacha. Kila baada ya miezi michache chomoa vichwa uangalie meno. Yakiwa yamefifia tu, yafute kwa pombe ya isopropili na uache yakauke kabisa kabla ya kuchomeka. Yakishaota kijani, usihangaike kuyasugua: kata sentimita mbili za waya ubane kichwa kipya. Ndiyo maana siku ya kuvuta waya unaacha ziada ya mita moja kila upande.