Nina Miaka 53 na Bado Napiga Muziki kwenye Sherehe

Msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu, ila swali lenyewe linaingia kwenye mstari mmoja: "Kaka, nina miaka 38, nimenunua spika mbili na mikseri, mke wangu ananicheka. Nimeshachelewa kuwa DJ wa sherehe?" Ningeweza kumjibu kwa neno moja nikaendelea na shughuli zangu. Lakini ujumbe wake umenikuta katika wiki mbaya. Nimetoka kunyimwa kazi ya harusi kwa sababu ya umri, kwa hiyo jibu litakuwa refu na mnivumilie.

Bibi harusi mtarajiwa ndiye aliyenitafuta. Alinisikia kwenye sherehe ya ndugu yake, akaomba namba yangu. Tukaongea vizuri kwenye simu, tukakubaliana tarehe, nikamwandikia rasimu ya ratiba. Kisha tukaonana ana kwa ana, yeye na mchumba wake. Yule kijana akazitazama mvi zangu, akanipa shikamoo ya heshima zote, na kuanzia hapo kila swali lake likawa lilelile kwa nguo tofauti. Nyimbo za sasa ninazo? Nitaweza kusimama mpaka mwisho? Kuna kijana wa kunisaidia? Bei hakuiuliza. Spika zina nguvu kiasi gani, hakuuliza. Umeme ukikatika nina mpango gani, hakuuliza. Baadaye ukaja ujumbe wa kushukuru: wamempata mtu "wa rika letu". Nikajibu kwa adabu, nikawatakia heri. Adabu ilikuwa ya kwenye simu tu, moyoni nilisema mengine.

Sasa ngoja niseme ninachokijua. Nilianza kwa kubeba spika za watu wengine, enzi ambazo kijana alibeba misimu mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa mikseri. Mashine ya santuri tuliyoitamani wote, Technics SL-1200, ilitoka mwaka 1972, mwaka niliozaliwa. Moja ina uzito wa karibu kilo 12, na unazihitaji mbili. Weka juu yake masanduku ya santuri. Sanduku moja lenye santuri themanini hivi linakaribia kilo 20. Hapo hujagusa spika. Zikaja CD, na mwaka 2001 kampuni ya Pioneer wakatoa mashine ya CD, CDJ-1000, ukawa unaweza kuizungusha CD kwa kiganja kama santuri. Mwaka 2004 ikaja Serato Scratch Live, programu ya kupiga nyimbo kutoka kwenye kompyuta, laptopu ikapanda mezani. Leo kazi yangu yote ya usiku mmoja inaingia kwenye flashi ndogo kuliko kidole. Kila mara chombo kilipobadilika kuna waliosema wao hawajifunzi upya, na hao ndio waliozeeka, wengine wakiwa na miaka 30. Ile SL-1200 yenyewe kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2010, ikairudisha 2016. Mimi sijaachwa kutengenezwa hata mwaka mmoja.

Yule bwana harusi alichanganya mambo mawili ambayo hata ma-DJ wengi wanayachanganya: DJ wa klabu na DJ wa sherehe. Klabuni mlango unachuja watu. Wanaoingia wana umri unaokaribiana, wamekuja kucheza, na asiyependa muziki anatoka. Kwenye harusi hakuna mchujo. Kuna bibi amekaa meza ya mbele, kuna watoto wanakimbizana chini ya meza, kuna wajomba waliokuja kuonana tu, kuna marafiki wa bwana harusi wanaotaka besi itikise kuta. Hawa wote ni wateja wako usiku uleule, na hakuna anayeweza kuondoka bila kuonekana. Kijana wa miaka 22 anazijua nyimbo za meza moja. Mimi nazijua za meza zote, kwa sababu nimekuwa na umri wa kila mmoja wao isipokuwa bibi.

Hili lina maelezo yake. Wanaotafiti kumbukumbu wameonyesha kwamba mambo ambayo mtu hukumbuka kwa wingi na kwa hisia, nyimbo zikiwemo, hutoka zaidi katika kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yake. Kwa hiyo ukiniletea kazi, nakuuliza wazazi wamezaliwa lini. Mzaliwa wa 1965 alikuwa na miaka 15 mwaka 1980, na 25 mwaka 1990. Nyimbo zilizopigwa kwenye sherehe za katikati ya miaka hiyo ndizo zitakazomnyanyua kwenye kiti akiwa bado ana sahani mkononi. Bibi harusi aliyezaliwa 1997, fanya hesabu hiyohiyo. Ukimaliza una ramani ya usiku mzima, na hujamwuliza mtu hata wimbo mmoja.

Ila hesabu hiyo inakupiga na wewe DJ, hapa nawaambia wazee wenzangu. Nyimbo unazoziona ni dhahabu ni za ujana wako. Mkono unazifuata wenyewe saa nne usiku sakafu ikianza kupoa. Ukiona umepiga tatu mfululizo za miaka uliyokuwa na kiuno chembamba, acha. Umeanza kujifanyia sherehe mwenyewe.

Nyimbo mpya ni kazi ya nyumbani, basi. Nasikiliza kila wiki, nipende nisipende. Wimbo ninaouchukia nikiuona unajaza sakafu, nautafutia toleo lisilo na matusi na kuuweka mahali pake. Sioni kwa nini watu wanalikuza jambo hili kama ndilo tatizo la umri. Tatizo la umri liko mwilini.

Masikio kwanza. Sisi hakuna aliyetuambia. Aliyetufundisha kazi alipima sauti kwa kifua: besi isipokupiga kifuani, ongeza. Leo nina mlio mwembamba kwenye sikio la kushoto, upande niliokuwa nawekewa spika, na mlio huo haulali hata mimi nikilala. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Fika desibeli 100, kiwango cha kawaida kabisa karibu na spika za sherehe iliyochangamka, umebakiwa na dakika 15. Sherehe ina saa ngapi? Na uharibifu huo haurudi nyuma, kwa sababu vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Umri na kelele vyote huanza kula sauti nyembamba za juu. DJ asiyezisikia vizuri anaona muziki umefifia, anaongeza kitufe cha sauti za juu, wageni wanaanza kushika masikio, na yeye anaona bado. Ndiyo maana siliamini sikio langu peke yake. Natazama mistari ya mawimbi ya sauti kwenye programu, na namtuma msaidizi wangu wa miaka 24 azunguke ukumbi aniambie panauma wapi. Navaa vizibo vya masikio vyenye chujio, vile vinavyopunguza sauti bila kuibadilisha, na spika yangu ya kujisikilizia naizima kila nisipochanganya nyimbo. Wewe mwenye miaka 38, nunua vizibo kabla hujanunua taa za rangi. Nasema tena, vizibo kabla ya taa.

Mgongo nao una hadithi yake. Spika ya plastiki ya inchi 15 ina kilo 17 hadi 20, na kilo hizo hazibebwi tu, zinapandishwa juu ya stendi, mikono ikiwa imenyooka juu ya mabega. Sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 18 inaweza kuvuka kilo 40. Ukiwa na miaka 25 unaibeba peke yako kwenye ngazi ili wasichana wakuone. Ukiwa na miaka 50 unajua bei ya kuchuliwa mgongo. Siku hizi nina toroli, nina spika za nguzo ambazo mtu mmoja anazifunga kipande kwa kipande, na nina msaidizi anayelipwa. Neno "anayelipwa" lisomeni vizuri. Gharama yake imo ndani ya bei yangu tangu mwanzo, na mteja akitaka kuipunguza namwambia aje abebe mwenyewe. Wachache wamecheka, wote wamelipa.

Macho hayahitaji maelezo mengi. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na herufi za karibu zinatoroka, halafu kazi yetu ni kusoma herufi ndogo gizani huku taa zikimulika. Vaa miwani. Kuza herufi kwenye laptopu. Panga nyimbo kwa rangi. Hakuna mgeni aliyewahi kuacha kucheza kwa sababu DJ amevaa miwani.

Usiku ndio unaonitisha zaidi, na si wakati wa kupiga muziki. Ni baada ya hapo. Sherehe imekwisha, nyaya zimekunjwa, gari limejaa, na bado una safari ya kurudi nyumbani. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini karibu sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Uliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 17 zako zinatimia saa tano usiku, ukumbi ukiwa ndio kwanza umechemka. Kwa hiyo siku ya kazi nalala mchana, hata nyumbani wakiniona mvivu. Kazi mbili siku mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, nimeziacha. Nimepoteza fedha, ndiyo.

Mnaoniuliza kuhusu umri wa kuanza, tazameni wenyewe. DJ Kool Herc alikuwa na miaka 18 alipopiga ile sherehe ya Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973 ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa hip hop. Carl Cox, DJ wa Uingereza, mzaliwa wa 1962, alianza akiwa kijana mdogo kwa kuzunguka na vyombo vyake kwenye sherehe za watu, kazi hii hii yetu, na mpaka leo anajaza viwanja. Na Tokyo kuna bibi Sumiko Iwamura, anayejulikana kama DJ Sumirock, mzaliwa wa 1935. Alikwenda shule ya u-DJ akiwa amevuka miaka 70, akapiga klabu za vijana. Msomaji wangu wa miaka 38, wewe unaona umechelewa nini hasa?

Wadogo nao wana mateso yao, nisiwe mchoyo. Wa miaka 17 haaminiwi kushika malipo ya awali, wazazi wa bibi harusi wanataka kuongea na "mkubwa wake", na sehemu nyingi mkataba wake unaweza kukosa nguvu mpaka afikishe miaka 18. Ushauri wangu kwao: jiungeni na mkubwa mwenye vyombo. Kubeba nyaya ni shule. Mna haraka hiyo kwa sababu programu inawalinganishia mapigo ya nyimbo mbili kwa kubonyeza kitufe kimoja, lakini hakuna kitufe cha kumtuliza baba mkwe anayetaka maiki kwa mara ya nne. Hakuna kitufe cha kujua kwamba keki imechelewa na mshereheshaji anahitaji dakika kumi za muziki wa kukalia, sasa hivi, bila kuambiwa. Hayo yanakuja kwa kusimama pale usiku baada ya usiku, na ndiyo yule kijana mwenye mchumba alikuwa anayakataa aliposema "rika letu".

Mzee mwenzangu, usijibu dharau kwa kujifanya mtoto. Nimewaona wanaopaka nywele rangi, wanavaa kofia nyuma-mbele, wanaongea kwenye maiki kwa misemo ya wapwa zao. Wageni wanaona aibu kwa niaba yao. Vaa suti inayokukaa. Fika mapema kuliko mtu yeyote. Mteja akikuuliza kama unazijua nyimbo za sasa, mpigie tatu palepale kwenye simu na umwulize wazazi wake wanapenda nini; kimya kitakachofuata ndicho nafasi yako ya kuzungumza. Mimi kwa yule kijana sikuipata nafasi hiyo, maana alikuwa ameshaamua kabla sijakaa.

Na usishushe bei kwa kuogopa umri wako. Ukishusha, mteja anaamini alichokuwa anakihisi. Bei yangu ya mwaka huu iko juu kuliko ya mwaka jana, na kalenda yangu haikuwa na pengo isipokuwa Jumamosi ya ile harusi niliyonyimwa, ambayo imeshachukuliwa na kampuni fulani kwa sherehe ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu. Wao walichouliza ni kama nina maiki mbili zisizo na waya.

Kwa anayetaka kuniuliza spika gani aanze nazo: nitumie ukubwa wa ukumbi na idadi ya wageni. Picha za matangazo sisomi.