Barua kwa mwanangu: weusi wa mitungi ya Athene

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika, na sote hapa ni wazima. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, ule weusi unaong'aa kwenye mitungi ya Kigiriki uliyoiona British Museum, London, ni rangi ya aina gani, kwa kuwa darasa lenu la ufinyanzi linataka kuujaribu. La pili, kwa nini mwanzoni picha zilikuwa nyeusi juu ya wekundu, halafu zikageuka nyekundu juu ya weusi. Je, walibadilisha rangi? Naanza na la kwanza, kwani bila hilo la pili halieleweki.

Ule weusi si rangi. Wala si kile kioo kinachopakwa kwenye vikombe vya kauri. Ni udongo uleule wa mtungi, uliochujwa mpaka zikabaki chembe ndogo kuliko zote. Udongo wa Attika, jimbo la Athene, una chuma kingi, ndiyo maana ukichomwa hutoka na rangi ya chungwa iliyokolea. Mfinyanzi aliuvuruga katika maji mengi, akatia kitu kama majivu ya kuni ili chembe zisigandane, akauacha utulie. Chembe nzito zilizama, nyepesi zikabaki zinaelea. Akachota yale maji ya juu na kuyaacha yapungue mpaka yakawa uji. Kabla ya moto, uji huo unakaribiana sana na mtungi wenyewe kwa rangi. Mchoraji alikuwa anapaka kahawia juu ya kahawia. Weusi hakuuona mpaka tanuri lilipofunguliwa.

Wewe usihangaike na majivu. Chukua kilo 1 ya udongo mwekundu mkavu uliopondwa, lita 2 za maji na gramu 5 za sodiamu silikati, dawa inayozuia chembe zisigandane. Dawa itangulie kwenye maji, udongo ufuate. Koroga sana, kisha iache ndoo siku nzima pasipo mtu kuitikisa. Chini kutakuwa na tope zito, juu yake uji mwembamba, na pengine juu kabisa maji matupu. Unachokitaka ni ule uji wa katikati. Uvute kwa mpira mwembamba, usimimine, maana ndoo ikiinama kidogo tu tope la chini linapanda na kazi yote imeharibika. Uji ukiwa mwepesi mno, weusi utatoka wa hudhurungi na kuonyesha nyuma. Ukiwa mzito mno, utapasuka na kubanduka. Tabaka la Waathene, baada ya kuchomwa, lina unene wa kama sehemu ya hamsini ya milimita. Walilipaka mtungi ukiwa umekauka nusu, yaani hauachi alama ya kidole lakini bado una ubaridi ukiugusa, ili mtungi na uji vinywee pamoja.

Sasa tanuri, ambalo ndilo lenye siri. Moto ni mmoja wenye hatua tatu.

Hatua ya kwanza, matundu yote yako wazi na hewa inapita. Joto linapandishwa polepole mpaka kama nyuzi 800 za Selsiasi. Mwanzoni ndipo pa kuvumilia zaidi, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla, mtungi unapasuka. Mwisho wa hatua hii kila kitu ni chekundu, mtungi na uji.

Hatua ya pili, matundu yanazibwa na kuni mbichi zinatiwa. Moto unakosa hewa na kutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo inanyang'anya oksijeni iliyoshikana na chuma cha udongo. Oksidi nyekundu ya chuma inageuka nyeusi. Joto linafika karibu nyuzi 950, kisha linaachwa lishuke kuelekea 900. Tanuri zima sasa ni jeusi. Lakini kuna jambo limetokea ambalo jicho halilioni: chembe za uji, kwa udogo wake na kwa potasi iliyomo, zimeanza kuyeyuka na kushikana zikawa ngozi moja isiyopitisha hewa. Udongo wa mtungi, wenye chembe kubwa, umebaki na vitundu.

Hatua ya tatu, matundu yanafunguliwa. Hewa inarudi, inapenya kwenye vitundu, na mtungi unarudia wekundu wake. Uji umekwisha kujifunga. Oksijeni haina pa kuingilia, weusi unabaki. Basi. Udongo mmoja, rangi mbili.

Waliyafanya haya bila kipimajoto. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata Athene vipande vya majaribio vilivyotobolewa tundu, ambavyo mfinyanzi alivivuta kwa fimbo kupitia dirisha dogo la tanuri ili aone moto umefikia wapi. Ujuzi huo ulipotea kwa karne nyingi, na watu walibishana sana kuhusu hiyo "rangi", mpaka Mjerumani Theodor Schumann alipoonyesha mwaka 1942 kwamba ni udongo mtupu.

Makosa yao bado yanaonekana kwenye makabati, na mimi huyapenda kuliko vyombo visivyo na doa. Tafuta kikombe chenye duara jekundu katikati ya weusi wa ndani: hapo palikaliwa na mguu wa kikombe kingine, gesi ya hatua ya pili haikufika. Tafuta pia mtungi ambao ubavu mmoja ni wa hudhurungi. Huo hewa ilirudi kabla ngozi ya uji haijafunga, au moto wa mwisho ulizidi ukali. Kibonyeo tumboni ni cha kabla ya moto, mtungi ulipogusana na mwenzake ukiwa bado laini.

Na tahadhari: msifanye hatua ya pili kwenye tanuri la umeme. Hewa chafu hula nyaya zake. Tumieni la gesi au la kuni, nje, mbali na madirisha; kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Swali la pili. Hawakubadilisha udongo, wala uji, wala moto. Walichobadilisha ni kifaa mkononi: waliweka chini ncha ya chuma iliyokwaruza mistari ya ndani ya picha, wakaichora mistari hiyo kwa brashi. Mengine yote yanatokana na hapo.

Karne ya nane KK mtindo ulikuwa wa maumbo ya jometri. Mtungi maarufu wa makaburi ya Dipylon pale Athene, wa karibu mwaka 750 KK, una urefu wa mita 1.55 na umejaa mistari ya pembe kuanzia mdomo hadi mguu. Watu wanaomlilia maiti ni pembetatu zenye vichwa. Huo ulifinyangwa vipande vipande na kuunganishwa, maana udongo mbichi wa kimo hicho ungejiangukia wenyewe. Karibu mwaka 700 KK mafundi wa Korintho walianza kuchora umbo jeusi na kulikwaruza kwa ncha kali ili kutoa mistari ya ndani. Athene wakaichukua mbinu hiyo, na katikati ya karne ya sita wakawa wameipita Korintho kabisa.

Rudi makumbushoni umtafute mchoraji Exekias. Kuna mtungi wake wa kama mwaka 530 KK, kimo cha sentimita 41 hivi, uliopatikana Vulci, Italia. Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, anamchoma mkuki shingoni Penthesilea, malkia wa Waamazoni, wanawake wapiganaji wa hadithi hizo. Sogea karibu na kioo. Uso wa Achilles umefunikwa na kofia ya vita, limebaki jicho tu. Uso wa Penthesilea uko wazi na ni mweupe. Ule weupe ni udongo usio na chuma, uliopakwa juu ya weusi kabla ya kuchoma, kwa sababu kwa kanuni yao ngozi ya mwanamke ilikuwa nyeupe. Haushikamani vizuri, ndiyo maana kwenye mitungi mingi umebanduka na wanawake wamebaki weusi kama waume zao. Kisha itazame ngozi ya chui aliyoivaa, na mapambo ya nguo na silaha. Kila mstari umekwaruzwa kupita uji hadi kwenye udongo. Ncha ikishapita haifutiki. Exekias hakutetereka popote, na kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia katika mbinu hii.

Lakini ukimwangalia huyo huyo utaona mbinu hii inakomea wapi. Mkwaruzo una unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Hauwezi kufifia wala kukolea. Mwili mweusi mbele ya mwili mweusi unakuwa doa moja, na mchoraji analazimika kutenganisha kwa weupe, zambarau au mkwaruzo mwingine. Kugeuza bega au kuonyesha mgongo unaojipinda ni kazi ngumu mno kwa chuma.

Karibu mwaka 525 KK, katika karakana ya mfinyanzi Andokides, wakageuza. Umbo liliachwa na rangi ya udongo, uji mweusi ukazungushwa nje yake. Kuna mitungi ya miaka hiyo yenye upande mmoja wa mtindo wa zamani na upande wa pili wa mtindo mpya, kana kwamba muuzaji alitaka mteja achague mwenyewe. Hatua zilikuwa hivi. Mchoraji alitia alama nyepesi kwa kijiti butu. Ukipata mwanga wa pembeni bado unaviona vifereji vyake. Akazungushia umbo mstari mpana wa milimita kadhaa ili msaidizi anayejaza weusi asivamie picha. Mistari ya ndani ikawa ya aina mbili: mmoja mzito wa uji mnene, uliotuna kiasi kwamba unashika mwanga ukiinamisha kichwa, mwingine wa uji uliozimuliwa kwa maji, ambao ukichomwa hutoka kama asali. Ule mzito ni wa mikunjo ya nguo na mipaka ya mwili. Ule wa asali ni wa misuli, nywele na ndevu changa. Hayo mawili ncha ya chuma isingeyatoa kamwe.

Wachoraji wakaanza kushindana. Euthymides alichora walevi watatu wanaocheza, mmoja wao kiwiliwili kimejipinda mpaka mgongo unaonekana, akaandika pembeni kwamba mpinzani wake Euphronios hakupata kufanya hivyo kamwe. Mtungi huo uko Munich, Ujerumani. Majivuno, ndiyo, lakini angalia anajivunia nini: mgongo uliojipinda.

Hapo hapo London kuna chombo cha kama mwaka 480 KK chenye Odysseus, baharia wa hadithi, aliyefungwa mlingotini huku nguva-ndege, viumbe wenye kichwa cha mwanamke na mwili wa ndege, wakimwimbia. Mmoja wao anaanguka kichwa chini, macho yamefumba. Kwenye omo ya merikebu wamechora jicho, jambo ambalo mtu aliyeona majahazi ya Lamu halimshangazi. Nakutajia chombo hiki kwa ajili ya macho hasa, kwani macho yatakusaidia kukisia umri. Jicho lililochorwa zima, kama linavyoonekana kwa mbele, juu ya uso uliotazama pembeni, ni la zamani. Likianza kufunguka upande wa pua, umeingia karne ya tano. Likiwa la pembeni kabisa, umekwisha kuikaribia nusu yake.

Baada ya hapo wachoraji wa mitungi walianza kuwaonea wivu wachoraji wa kuta, akina Polygnotos, ambao kazi zao zimepotea zote. Wakapanga watu juu na chini kana kwamba wako mlimani. Haikufaulu sana, maana nyuma ni weusi mtupu na weusi hauna umbali. Waliotaka rangi walihamia kwenye chupa ndefu nyeupe za mafuta ya makaburini, lakini nyingi ya rangi hizo zilipakwa baada ya moto na zimefifia. Chupa hizo zina ujanja wa kuchekesha: baadhi zina kikopo kidogo kilichofichwa shingoni, ili ionekane imejaa mafuta na kumbe yamo kidogo tu. Hata marehemu alipunjwa. Mtindo wa picha nyekundu ulikoma Athene kabla karne ya nne KK haijaisha.

Kuhusu sanamu nitasema machache, kwa kuwa hukuuliza, ila zinaendana. Miaka ile ile wachoraji walipokuwa wakipinda migongo, wachongaji walikuwa bado na kijana wa marumaru anayesimama wima, uzito sawa kwa miguu yote miwili. Karibu mwaka 480 KK uzito ukahamia mguu mmoja, nyonga ikainama, na mwili wote ukalegea. Shaba iliyomwagwa ikiwa na uwazi ndani iliwapa uhuru zaidi, maana mkono wa shaba ulionyooshwa haukatiki kwa uzito wake, wa marumaru hukatika. Ndiyo sababu mrusha kisahani aliyeko hapo London, nakala ya Kirumi ya sanamu ya shaba ya mchongaji Myron, ana kisiki cha mti mguuni: shaba haikukihitaji. Kichwa chake nacho kimerudishwa vibaya na mafundi wa karne ya 18. Kinatazama chini, wakati kilipaswa kugeuka nyuma kukitazama kisahani.

Mkishachoma, chagua chombo kimoja kilichotoka vibaya ukivunje, utazame ndani ya ukuta wake. Ukiona kijivu katikati, hatua ya tatu mliikatisha mapema na hewa haikufika ndani. Ukiona wekundu hadi ndani lakini uji nao ni mwekundu, basi ile ya pili haikupata joto la kutosha, au uji wenu bado una chembe kubwa. Nitumie picha ya hapo palipovunjika, pamoja na joto mliloandika kila nusu saa, nikuambie pa kurekebisha.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako