Maswali ya Wasomaji: Ripita inakwaruza kusi ikivuma

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi kidogo cha redio za ridhaa, ripita yetu (mtambo unaopokea sauti za redio ndogo na kuzirusha upya mbali zaidi) ya bendi ya mita mbili, yaani karibu megahezi 145, iko juu ya ghorofa hapa Upanga, antena ni ile fimbo ndefu nyeupe ya faiba. Mwaka wa kwanza ilikuwa poa kabisa, sasa kusi ikianza tu inakwaruza, na wenzetu wa Mbagala wanaingia kwa shida japo SWR (kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kurushwa, 1 ndiyo safi kabisa) inasoma 1.2. Mwenzetu anasema tununue fimbo ndefu zaidi yenye geni kubwa, yaani inayokusanya nguvu zaidi kuelekea upeoni. Tufanyeje? (Msomaji, Upanga)

JIBU: Marahaba. Huyo mwenzenu mpeni soda akae pembeni kwanza, hela ya fimbo ndefu msiitoe. Ikikwaruza wakati wa upepo ujue kuna kiungo kinagusa na kuachia. Kwenye redio koli ya kawaida msingejua, maana ukiongea husikilizi, lakini ripita inarusha na kupokea saa hiyohiyo kwa antena hiyohiyo, masafa yamepishana kilohezi 600 tu, sasa kiungo chenye kutu kikipitishiwa wati zote hizo kinazaa kelele na risiva yenu inaimeza yote. Ndani ya hiyo fimbo kuna vipande vimeungwa kwa solda, ikiyumba mchana na usiku solda inachoka inapasuka, na huioni kwa sababu imefunikwa. Jua nalo linakula faiba mpaka nyuzi zinatoka nje (ukizishika mkono unawasha siku nzima, usiniulize nimejuaje), maji yanapata njia.

Na hiyo 1.2 isiwadanganye jamani. Kebo ikishanyonya maji inakula nguvu kwenda na kurudi, kinachorudi kwenye mita ni kidogo, mita inafurahi. Chomoeni kebo kule juu muiache wazi halafu pimeni chini kwa mita ndogo ya antena, msirushe na ripita yenyewe mtaiua. Kebo isiyo na hitilafu, ya mita 30 ya aina nene ya nusu inchi, itaonyesha SWR kubwa, hata zaidi ya 10. Ikisoma 3 basi nusu ya nguvu yenu inaishia njiani, tupeni.

Ningekuwa mimi ningeweka dipole nne za kukunja (antena fupi za chuma zenye umbo la kitanzi kirefu) kwenye bomba moja, zimepangwa kulizunguka. Kila dipole imeungana na bomba kwa chuma, kwa hiyo radi ina njia ya kushuka ardhini na ile chaji ya vumbi na mvua haikai juu, na kitu kikilegea unakiona kwa macho. Geni msiihangaikie sana. Antena ikiwa juu mita 40, upeo wa redio (umbali kabla mviringo wa dunia haujaziba mawimbi) ni kama kilometa 26, Mbagala imo ndani tena kwa raha. Ila mkizifunga ubavuni mwa mnara ziacheni mbali na chuma angalau nusu mita, zikibanwa karibu upande wa pili unakuwa kivuli.

Hela itakayobaki ipeleke kwenye kebo. Kebo ya kawaida ya RG-213 ya mita 30 inakula karibu nusu ya nguvu kwenye megahezi 145, ile ngumu ya nusu inchi yenye ganda la shaba inakula chini ya desibeli moja, yaani haifiki hata robo ya nguvu. Zile zenye karatasi ya alumini ndani na wavu wa shaba juu yake ni nzuri nyumbani, kwenye ripita zina kelele, achaneni nazo. Konekta ziwe za aina ya N. Zifungeni kwanza kwa tepu ya raba inayojishika yenyewe, juu yake tepu nyeusi ya umeme, mkianzia chini kwenda juu ili zipandane kama mabati na maji yateleze. Bolti ziwe stenlesi zenye grisi, na shaba isigusane moja kwa moja na alumini, hapa pwani kwa chumvi hii alumini inaliwa upesi mno. Ganda la kebo liungeni na ardhi juu na tena kabla halijaingia ndani, yote yaende kwenye ardhi moja na ya jengo, fimbo ya ardhi ya peke yake pembeni ni kujitafutia matatizo.

Mkimaliza pimeni, mwandike namba, mkapime tena masika ikiisha.

SWALI: Dipole naweza kuificha ndani ya bomba la PVC isile chumvi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Unaweza, ila plastiki itashusha masafa yake kidogo, kwa hiyo ikate na kuipima ikiwa tayari imo ndani ya bomba. Na toboa tundu chini, maji ya jasho la usiku yatoke.