Ngiri ya kinena: upasuaji wa matundu au wa wazi?

Huku Tanga kila uvimbe wa kinenani huitwa mshipa, na kwa jina hilo watu huchelewa. Busha ni maji. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yaliyopenya pale ukuta wa tumbo ulipolegea: ukikohoa hutokeza, ukilala mara nyingi hurudi. Dawa ya kunywa haizibi tundu, wala mkanda.

Upasuaji wa wazi ni mkato mmoja wa sentimita 6 hadi 8. Utumbo hurudishwa, kisha wavu wa polipropilini, aina ya plastiki, hushonewa juu ya tundu. Ganzi ya mgongoni inatosha, hata ganzi ya hapo hapo kinenani. Kwa matundu, hukatwa vitundu 3: kimoja cha kamera karibu na kitovu, milimita 10 hivi, viwili vya vyombo, milimita 5. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi, wavu wa sentimita 10 kwa 15 hutandazwa kwa ndani, na kwa kawaida mgonjwa hupewa nusu kaputi. Bega likiuma siku mbili tatu baadaye, ni gesi hiyo.

Tafadhali msichague kwa kuangalia kovu. Mwenye ngiri pande zote mbili, au iliyorudi baada ya upasuaji wa wazi, matundu yanamfaa zaidi. Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, au mwenye ngiri iliyoshuka hadi kwenye korodani, wa wazi ni salama zaidi. Na mkono uliozoea una thamani kuliko mashine: muulize daktari amefanya ngapi kwa njia hiyo.

Je, matundu huuma zaidi mwanzoni? La, maumivu yake ni madogo kuliko ya mkato, na mtu hurudi kazini mapema kwa siku kadhaa. Ila kuna hatari ndogo ya kutoboa utumbo au mshipa mkubwa wa damu. Mkato nao hugusa neva, na wengine hubaki na maumivu au ganzi ya kinena kwa miezi.

Kwa vyovyote, tembea siku hiyo hiyo. Mchukuzi wa Ngamiani au mvuvi wa Sahare asinyanyue mzigo mzito kwa wiki 4 hadi 6. Kikohozi na choo kigumu vitibiwe kabla ya upasuaji, maana kukohoa na kujikamua chooni ndiko kunakovuta nyuzi.

Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi, nawe unatapika au hupati choo wala hewa, utumbo umebanwa. Usiukandamize, usile wala usinywe. Nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo.