Kabla Hujachagua Kampani Kidato cha Tano

Wadogo zangu mnaojiandaa kuripoti kidato cha tano, fomu ya kujiunga itawaambia mbebe godoro, ndoo, ufagio na jembe. Haitawaambia lolote kuhusu kampani, yaani kundi la marafiki utakaoshinda nao, na kampani ndiyo itakayoamua unakula na nani, unajisomea saa ngapi, hata unamsalimiaje matroni.

Mimi nilitoka Dar es Salaam nikapangiwa shule ya bweni ya wasichana Nyanda za Juu Kusini. Chumba kimoja kilikuwa na watu wa Shinyanga, Kagera, Tanga na Mtwara. Kuchanganya watoto wa mikoa mbalimbali ni jambo lililoanza zamani, enzi za Mwalimu Nyerere, ili tukue tukijuana. Lakini tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004 ulipoleta shule nyingi za kata, watoto wengi humaliza kidato cha nne wakitokea nyumbani. Kidato cha tano ndipo wanapolala kwa mara ya kwanza na mtu aliyelelewa tofauti kabisa na wao.

Ndani ya mwezi mmoja kampani zinakuwa zimeshajigawa, na kila moja ina sheria ambazo hakuna atakayekusomea. Zitafute kwenye chakula kwanza. Katika kampani yetu ya mjini, kilichomo kwenye tranka lako ni chako. Mwenzako akitaka sukari anaomba. Kampani ya Kanda ya Ziwa walikuwa wanaweka karanga na sukari pamoja, na aliyekula mkate peke yake chini ya blanketi hakuambiwa neno. Jioni chai ikiwa tayari, haitwi.

Siku moja binti wa Kagera alifungua mfuko wa senene aliotumiwa na mama yake, akaanza kugawa kitanda kwa kitanda. Mmoja wetu akapiga kelele, "Wadudu!" Wengine wakacheka. Yule binti akaufunga mfuko taratibu, akaurudisha kwenye tranka, akatoka nje. Kwao senene ni chakula cha heshima, kina msimu wake, na humpa mtu wanayemthamini. Kwa hiyo hakuwa amekataliwa kitafunwa tu. Kwa wiki kadhaa kampani hizo mbili hazikuchota maji pamoja. Ukipewa usichokizoea, pokea, shukuru, uliza kinaliwaje. Kula au kutokula ni uamuzi wako, ila usiukunjie uso mkono uliokupa.

Jambo la pili ni salamu. Rafiki yangu wa Shinyanga alikuwa akipiga goti kumsalimia matroni, nasi wa mjini tuliona ni unyonge. Nilimuuliza tukiwa tunaanika nguo. Akasema kwao, akimwamkia mkubwa akiwa wima, anayelaumiwa ni mama yake kwa kutomlea. Tangu hapo nikaelewa kwa nini kampani yake ilituona sisi hatuna adabu, wakati sisi tulijiona tunajiamini.

Utani nao una wenyewe. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kurushiana maneno makali mbele ya watu, hata msibani, na hakuna anayenuna, kwa sababu utani wao ni wa tangu enzi za misafara. Ukiyaokota maneno hayohayo ukamwambia mtu asiye mtani wako, ni tusi. Sikiliza kwanza nani anamtania nani, na nani ananyamaza.

Mpasuko ulioniuma zaidi ulikuwa wa lugha. Waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza walizungumza Kiingereza hata bwaloni, na waliotoka shule za kata wakaona ni maringo. Nilipowazoea niligundua baadhi yao walikuwa wakiadhibiwa huko walikotoka kwa kuongea Kiswahili. Mazoea hayatoki kwa siku moja. Na wale wa kata waliokaa kimya darasani hawakuwa wazito. Walijua jibu, wakaogopa kuchekwa sarufi. Hapa naomba msisubiri walimu. Kama unasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), unda kundi la majadiliano lenye watu wa pande zote mbili, jadilini Baiolojia kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha mwenye Kiingereza awasaidie wengine kuandika jibu kama mtihani unavyotaka.

Vikundi vya dini, yaani UKWATA ya Wakristo wa Kiprotestanti, TYCS ya Wakatoliki na TAMSYA ya Waislamu, vina viongozi na ratiba, ni rahisi kuingia, na kwa mgeni ni pa kuanzia pazuri.

Ila kuna kampani moja sitakushauri uielewe kwa upole: ile inayotaka umdhalilishe mtu ndipo wakupokee, umnyang'anye njuka, yaani mwanafunzi mgeni, ndoo yake au umcheke mbele ya bweni zima. Huo si utamaduni wa kabila wala mkoa wowote. Ondoka, na kamwambie matroni siku hiyohiyo.

Wiki mbili za mwanzo usijifunge mahali. Kaa meza tofauti bwaloni, uliza majina na kwao ni wapi. Nanyi wazazi, mkienda kuwatembelea, msiishie kuuliza matokeo ya mtihani. Muulize mwanao aliye kitanda cha juu anatoka mkoa gani na wanakula pamoja au la. Na ukimpelekea chakula, pakia cha kumtosha na yule wa juu.